Vigoda vya Wageni

"Vinane tu, Fundi," mwalimu mkuu alisema. "Viwe vya kitoto kitoto, lakini viwe vizuri."

Fundi seremala aliweka randa chini, akapangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Mtaani walimwita Pima, kwa sababu hakuwahi kukata ubao kabla ya kuupima mara mbili, na mteja akinung'unika kwamba anacheleweshwa, Pima hupima mara ya tatu kwa kumkomoa. Alifanyia kazi kwenye kibanda cha mabati mbele ya nyumba yake. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, koti mkononi, hataki kuingia asije akachafua suruali. Ilikuwa Ijumaa mchana, na wageni walikuwa wanakuja Jumatatu.

"Watoto si wanavyo vyao?" Pima akauliza. "Wamevihangaikia wiki sita."

"Nimeviona. Na kimoja nimekikalia." Mwalimu mkuu alijishika kiuno. "Fundi, mimi na wewe ni watu wazima. Vile vigoda mtu anakalia huku anasoma dua. Nikiwakalisha wageni pale, nitawaokota sakafuni."

Pima alicheka, kisha akaacha, maana alishaona ombi linaelekea wapi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwanzoni mwa mwaka ule shirika moja lilileta shuleni sanduku kubwa la vifaa vya useremala na meza mbili za kazi, ili watoto wa darasa la tano wajifunze kwa vitendo badala ya kunakili ubaoni tu. Vifaa vilikuja, mwalimu wa kuvishika hakuja. Ndipo Pima alipojitolea, Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, kwa malipo ya ahsante na kikombe cha chai kilichopoa. Sasa wageni wa shirika walikuwa wanarudi kukagua. Wakiridhika, vifaa vinabaki. Wasiporidhika, vinapelekwa shule nyingine. Ndivyo barua ilivyosema, au tuseme ndivyo mwalimu mkuu alivyoisoma, na barua yenyewe hakumwonyesha mtu.

Tusimpambe Pima: hakujitolea kwa kuwapenda watoto wa watu. Alijitolea kwa ajili ya binti yake. Nyumbani walimwita Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakunyamaza, lakini shuleni alikuwa bubu. Darasa la nne alilirudia. Hesabu za ubaoni zilimkimbia, na mwaka uliotangulia alikaa nyumbani wiki tatu akisema tumbo linamuuma, tumbo lenyewe likipona kila Jumamosi. Karakana ya shule ndiyo iliyomrudisha. Akisimama mbele ya meza ya kazi, mtoto yule yule aliweza kuugawa ubao wa sentimita tisini mara nne bila kugusa kalamu. Siku za karakana aliamka kabla ya mama yake. Kwa hiyo nyumba nzima ilijua jambo moja bila kuambizana: vifaa vikiondoka, Chiriku naye shule basi.

"Funika kombe mwanaharamu apite," mwalimu mkuu alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Siku moja tu. Wakishaondoka, watoto waendelee na vigoda vyao, hata vya kuanguka navyo. Mimi mwakani nastaafu, Fundi, najisumbulia nini? Atakayefaidika ni binti yako."

Pima alitazama mbao zilizoegemea ukuta. Zilikuwa za kabati la mteja.

"Jumatatu saa ngapi?" akauliza.

*

Jumamosi saa nne asubuhi vigoda viwili vilikuwa vimesimama, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mkewe, dobi aliyepiga pasi nguo za nusu ya mtaa, alitoka nje kumwaga majivu ya pasi, akavitazama, akaangua kicheko.

"Baba Chiriku, hivi ni vya watoto au vya maharusi?"

"Vina kasoro gani?"

"Kasoro yake ni kwamba havina kasoro. Mtoto gani wa miaka kumi na mmoja amepiga randa namna hii? Vinateleza hata kwa macho."

Pima aliona ni kweli. Akachukua mguu wa kigoda cha tatu, akaamua kuukata upande. Aliweka msumeno, akageuza macho pembeni ili asione anachofanya, akakata. Mguu ukatoka umenyooka kama kawaida. Wa pili akaukata kwa mkono wa kushoto. Huo ulipinda kidogo, na kabla hajajijua alikuwa ameshaubana mezani anaunyoosha.

"Jamani!" mkewe akasema. "Watu wanafukuzwa kwa kulipua kazi, kuifanya ovyo. Wewe umeombwa ulipue, na umeshindwa!"

"Mkono haukubali, mke wangu."

"Lete huku."

Alichukua tupa ya kunolea misumeno, akaanza kukwangua kingo za kigoda cha kwanza, hapa mkwaruzo, pale pengo. Pima aligeuza uso kama mzazi aliyempeleka mtoto kuchomwa sindano. Alipomaliza cha pili mama yule akasita, tupa hewani.

"Nitakukwangulia vyote vinane, lakini moja nikwambie. Mficha uchi hazai. Kama watoto bado hawajajua, kwa nini wageni wasiambiwe kwamba bado hawajajua? Mgonjwa gani anakwenda kwa daktari kujifanya mzima?"

"Na wakisema watoto hawa hawafai, wakabeba vifaa vyao?"

 Mama Chiriku akavuta miguu ya kigoda cha tatu akaendelea kukwangua.

Chiriku alirudi na ndoo ya maji akavikuta vinne vimepangwa ukutani. Hakuitua hata ndoo. "Vya nani hivi? Mbona vinafanana? Mbona vimekwaruzwa, paka au? Baba, si ulisema kabati linatakiwa Jumanne?"

Pima akamweleza, huku akipangusa msumeno uliokuwa msafi tayari. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na changu?" akauliza.

Kigoda cha Chiriku kilikuwa na kisa chake. Alianza kukitengeneza cha miguu minne kama wenzake, kikayumba. Akaukata mguu ulioonekana mrefu, kikayumbia upande wa pili. Akakata na huo. Alikata na kukata mpaka wenzake wakasema hicho sasa ni cha kukalia kuku. Alhamisi moja, baba yake akiwa anamsaidia mwingine, Chiriku alishikwa na hasira, akaing'oa miguu yote, akatoboa matundu matatu mapya na kuweka miguu mitatu mirefu. Kikasimama. Akakisogeza pale sakafu ilipobonyea, kikasimama. Akakitoa nje akakiweka juu ya kokoto, kikasimama vile vile. Pima alikuwa akiijua siri hiyo miaka ishirini na hakuwaambia, maana alitaka kwanza wajifunze kupima. Akamwuliza mtoto mbele ya darasa ni kwa nini hakiyumbi.

"Mitatu haibishani," Chiriku alijibu. "Ikiwa minne, lazima mmoja ubaki hewani."

Ilikuwa mara ya kwanza darasa zima kumsikia bubu wao akieleza kitu. Mwalimu mkuu alipokiona kigoda chenyewe alikiita kilema, akaamuru kifungiwe stoo pamoja na vinavyoyumba.

"Changu hakiyumbi," Chiriku alisema sasa.

"Kitakaa stoo siku moja tu, mama," Pima akamwambia. "Wageni wakiuliza, nyote mtasema vigoda hivi mmetengeneza nyinyi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Ndiyo karakana ibaki."

Chiriku alitua ndoo, akaingia ndani. Maji hayakumwagika hata tone.

*

Wageni walikuja wanne kwenye gari moja, na nyuma yao pikapu tupu. Pima aliiona ile pikapu akajiuliza ni ya nini, kisha wimbo wa kukaribisha ukaanza akaisahau. Mwalimu mkuu alihutubia. Alisema mgeni njoo mwenyeji apone, alisema mara mbili, na mara zote mbili akajifuta jasho.

Kiongozi wa wageni alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma baadaye. Alipoingia karakana hakukaa kwenye kiti cha heshima alichowekewa. Alichuchumaa sakafuni pamoja na watoto, akakipindua kigoda kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye maungio.

"Hiki ametengeneza nani?"

Mwalimu mkuu aliyapitisha macho kwenye darasa akamchagua mtoto wa fundi, kwa hesabu kwamba huyo hatakosa la kusema. "Yule pale. Simama, binti."

Chiriku akasimama.

"Ni wewe?"

"Ndiyo."

"Hongera sana, mwanangu. Hebu nisaidie. Mimi nyumbani nina kiti kinayumba, mwaka wa pili sasa, kinanikera. Hiki ulifanyaje mpaka kisiyumbe?"

Katika maswali yote ya dunia, mgeni alikuwa ameuliza lile moja ambalo mtoto huyu alilijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Uso wa Chiriku ulifunguka. Alisahau alichoagizwa, akasahau na woga wake.

"Niliweka miguu mitatu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mitatu haibishani. Ukiweka minne, lazima mmoja ubaki hewani."

Mgeni alikitazama kigoda alichokishika. Akakisimamisha sakafuni taratibu.

"Lakini hiki kina minne, mama."

Darasa likacheka. Wageni nao walicheka, kwa upole, na hata wale watoto waliowahi kukalia kigoda cha Chiriku walicheka, maana kicheko kikianza hakimwulizi mtu. Chiriku alimtazama baba yake.

Pima alikuwa amesimama nyuma karibu na dirisha, kofia mkononi. Neno moja lingetosha.  Mwalimu mkuu alikuwa amemkazia macho, na kando ya mwalimu mkuu kulikuwa na lile sanduku la vifaa, limefunguliwa, kila patasi mahali pake. Pima akaigeukia bawaba ya dirisha. Ilikuwa imelegea skrubu moja. Akaikagua kwa muda mrefu.

"Ameshikwa na woga," mwalimu mkuu akasema. "Huyu hesabu zinamsumbua kidogo. Lakini mikono anayo."

"Mikono anayo kweli," mgeni akakubali, akaandika kwenye karatasi yake.

Chiriku akakaa chini.

Nusu saa baadaye, uani, mgeni alitangaza matokeo mbele ya wote. Alisema wamefurahi kupita kiasi. Walitarajia wakute watoto wanaoweza kuunga mbao mbili, lakini hapa wamekuta kazi ambayo hata dukani ingenunuliwa. Shule hii imemaliza hatua ya kwanza kabla ya shule nyingine zote. Kwa hiyo, kama barua ilivyoeleza, vifaa sasa vinakwenda kwa watoto ambao hawajawahi kushika hata msumeno. Walikuwa wamekuja na gari la kuvibebea kabisa, wasije wakaisumbua shule mara ya pili. Akamkabidhi mwalimu mkuu cheti.

"Barua..." mwalimu mkuu alianza.

"Aya ya tatu," mgeni akamkumbusha, akitabasamu.

"Naam. Aya ya tatu." Alicheka kicheko kikavu.

Pima alijikuta amesogea mbele. "Samahani, mama. Na kama wangekuwepo watoto ambao bado hawajaweza?"

"Wapo?" mgeni akauliza. Aliuliza kwa dhati. Miwani aliivaa kabisa ili amwone vizuri.

 Walimu walimtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akatazama cheti. Pima alihesabu yatakayofuata: aibu ya mzee huyu aliyebakiza mwaka mmoja, yeye mwenyewe kuitwa tapeli mbele ya mtaa, binti yake kuitwa mwongo. Alihesabu haraka, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuhesabu haraka.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Watoto ndio waliobeba. Walikuwa wamefundishwa kuwasaidia wageni, na waliifanya kazi hiyo kwa furaha, wanane kwa kila meza, wakiimba. Vile vigoda vinane vilibebwa pia, viwe mfano huko viendako. Sanduku la patasi lilichukuliwa na Chiriku peke yake. Hakuna aliyemtuma. Alilipandisha kwenye pikapu, akalisukuma mpaka ndani ili lisianguke njiani.

*

Mama Chiriku hakusema nilikwambia. Aliposikia alikaa kwenye ngazi ya mlango, nguo za watu zikimsubiri, akasema tu, "Basi tena," na baada ya muda akaingia kuwasha mkaa. Pima akaenda kumwomba mteja wa kabati ampe wiki mbili zaidi, akatukanwa, akarudi.

Kesho yake Chiriku alikwenda stoo kuchukua kigoda chake, akakikosa. Alikikuta jikoni. Mpishi wa shule alikuwa amekikalia akimenya viazi, kwenye ile sakafu ya mashimo ambayo kila kiti kilikuwa kikimwangusha.

"Hiki ni changu, shangazi," Chiriku akasema.

"Kilikuwa chako," mpishi akamjibu bila kuinua kichwa. "Miaka tisa nimekaa juu ya ndoo, mwanangu. Leo ndiyo mara ya kwanza mgongo wangu umepumzika. Aliyekitengeneza Mungu amzidishie. Utanitoa hapa kwa askari."

Chiriku alimtazama vile alivyokaa, imara, akiinama na kuinuka. Kisha akamwachia.

*

Alhamisi saa tisa watoto wa darasa la tano hawakwenda karakana. Walipewa somo la kazi za mikono la kuandika. Mwalimu wao, mwenye wanafunzi sabini na sauti iliyokauka, alibandika ubaoni picha ya kigoda kilichochukuliwa na wageni, akawapa maswali sita. Walipomaliza wakabadilishana madaftari, akasoma majibu, kila mtoto akamsahihisha jirani yake.

Jua lilikuwa bado halijashuka Chiriku alipofika nyumbani. Aliingia kibandani, akaweka daftari juu ya ubao ambao baba yake alikuwa anaupima.

"Natakiwa saini."

Pima alisoma. Swali la nne liliuliza kigoda kina miguu mingapi. Chiriku alikuwa ameandika "mitatu", na jirani yake wa dawati alikuwa amepiga alama ya kosa kubwa kuliko jibu lenyewe. Chini yake paliandikwa: masahihisho, "Kigoda kina miguu minne", mara tano, mzazi atie saini.

"Ulikuwa unajua wanataka minne," Pima akasema.

"Nilijua. Niliandika minne, nikafuta."

Kweli, karatasi ilikuwa imechubuka pale kifutio kilipopita.

"Sasa kwa nini, mama?"

"Jumatatu niliposema uongo nilipewa hongera. Niliposema kweli wakanicheka. Nikasema ngoja nione na kwenye daftari itakuwaje." Chiriku alikuwa akiongea bila haraka. "Mara tano siandiki. Na kesho tumbo litaniuma."

Mama yake alisikia akatoka, mikono na maji. "Andika, mwanangu, yaishe. Ni mistari mitano tu. Ukimaliza hapo hakuna atakayekuuliza tena."

"Siandiki."

Mama akamgeukia mumewe. "Sema naye, Baba Chiriku. Huyu akikaa kesho, Jumatatu harudi. Unamjua."

Pima alimjua. Alichomoa penseli yake ya useremala nyuma ya sikio, akaichonga kwa patasi, akavuta daftari. Hakuwa mwandishi. Aliandika polepole, akiinua penseli kila baada ya neno, na pale pa kuandika masahihisho akaweka maneno haya: "Mimi baba yake nimeona. Kigoda alichotengeneza mtoto huyu kina miguu mitatu na kiko jikoni shuleni. Vile vinane vya wageni nilitengeneza mimi, na mimi ndiye niliyemwagiza aseme uongo." Akatia saini.

Mkewe alisoma juu ya bega lake.

"Mwalimu mkuu hatakuja tena hapa."

"Asije."

"Na vifaa havirudi."

"Havirudi," Pima akasema. Alichoka. Alijisikia amechoka kuliko siku zote za kupiga randa.

Chiriku alichukua daftari, akasoma akifuatisha kwa kidole. Alipofika mwisho akarudia tena tangu mwanzo.

"Jumatatu mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Usije ukaacha shule."

Mtoto alifikiri. Alifunga daftari, akalipangusa vumbi la mbao.

"Kesho nitakwenda," akasema. "Lakini twende wote. Mwalimu akilisoma, usimame wewe. Wakicheka, wacheke wakikutazama wewe."

Pima aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba mkewe ampigie shati pasi.